Ukiwa na Wakili, Nyamaza

Jumamosi, 3 Mei 2025

Siakago, siku ya soko. Jua limetuchoma. Chama chetu cha mawakili wa huku kilileta hema moja, viti hamsini na kipaza sauti kibovu. Watu walizidi viti. Karibu wote ni mambo ya mashamba – nani aliandikishwa, nani aliachwa nje. Mimi ndiye mratibu wa elimu kwa umma, maana yake hema natafuta mimi, na kuongea naongea mimi, wenzangu wakinywa soda kivulini.

Lakini leo niliongea vizuri, wacha nikubali. Niliwaambia: ukiwa na wakili, nyamaza. Kortini usijibu mpaka wakili wako akuulize. Usibishane, usinung'unike. Nikawafanya warudie kwa sauti mara tatu, kama watoto wa nasari. Nina sababu zangu. Mwaka jana mzee mmoja alisimama akamgombeza hakimu, tukapoteza kesi ambayo ilikuwa mkononi.

Mama Kithaka alikaa mstari wa mbele na kitambaa chake cha kijani. Kwa karatasi ni Angeline Ruguru. Kesi yake nafanya bure, kupitia chama. Mumewe alikufa, na shemeji yake Nyaga akaandikisha shamba lote kwa jina lake peke yake – na nyumba ya mama ndani, na mahali mumewe alizikwa. Sasa Nyaga amepata mnunuzi. Kitu kimoja tu kinamzuia, amri ya muda ya korti. Kesi ikiwa hai, amri iko. Kesi ikitupwa, anauza hata kesho.

Alirudia maneno yangu kwa sauti kuliko wote. Baadaye akanishika mkono, akasema: Wakili, hiyo nimeweka kwa kichwa.

Jumanne, 13 Mei

Mafunzo ya Meru ni keshokutwa. Bila pointi za mafunzo wakili hapati cheti cha mwaka ujao, kwa hivyo wanakuja wote, hata wale ambao tulidhani walihamia Nairobi. Nimeongea na hoteli mpaka sikio limeuma. Ati chai iwe saa nne au nne na nusu? Iwe saa yoyote, bora iwe moto.

Halafu nikafungua kitabu cha kazi. Kesi ya Mama Kithaka, kusikizwa, Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo!

Kuahirisha siwezi. Nimeahirisha mara mbili tayari, na mara moja ilikuwa kwa sababu ya hema la chama. Hakimu aliniambia kwa upole kabisa kwamba hiyo ndiyo ya mwisho.

Nikaandika kwa grupu ya mawakili kwenye simu: nani ananishikia Alhamisi? Sisi hushikiana kesi hivyo. Hakuna barua, hakuna nini. Mtu anajibu kwa kidole gumba na imeisha, siku nyingine utamshikia na wewe. Lennox, wakili mwenzangu, akaweka kidole. Atakuwa Meru pia, lakini ataingia kwa video kutoka veranda ya hoteli. Faili anaijua, tuliiandaa pamoja, na shahidi ni mama peke yake.

Nimempigia mama. Nimemwambia asubuhi aende kortini mapema, Lennox atatokea kwa skrini. Nikaongeza: mpaka umwone Lennox, usiseme kitu. Akasema sawa mwanangu.

Alhamisi, 15 Mei

Meru. Ukumbi ulijaa. Mada ya kwanza, urithi, mtu wa kuongea alikuwa mzuri mpaka hata wale wa nyuma waliacha simu. Nilifurahi. Mimi na mambo yangu ya viti na maiki, nilifurahi kweli.

Saa nne na dakika arobaini hivi nikawatoa wote nje, tupige picha na bango. Mwenyekiti wetu, Murithi, alitaka ya grupu yote kabla watu waanze kutoroka. Lennox alikuwa amekaa pembeni pale veranda na laptopu. Nikamwita. Akainua mkono, ati ngoja. Nikamwita tena mbele ya watu – Lennox, wewe ndiye mrefu, kuja nyuma huku! Watu wakacheka. Akaja. Ile picha ilichukua dakika kumi na tano, kwa sababu kila mtu alitaka na yake kwa simu yake.

Saa kumi watu wakitawanyika, Lennox akanikuta kwa gari. Hakuweza kuniangalia. Aliporudi kwa laptopu kesi ilikuwa imeitwa na kupita. Ameongea na karani. Imetupwa.

Nimemuuliza, mama hakuwa kortini? Akasema karani anasema jina liliitwa na hakuna mtu alijibu.

Nimeendesha kutoka Meru mpaka Embu bila redio.

Ijumaa, 16 Mei

Nilimpigia saa mbili asubuhi. Akaanza yeye kabla sijasema kitu, sauti ya furaha. Akasema: Wakili, jana nilifanya vile ulisema. Niliamka saa kumi, nikawa wa kwanza kwa benchi. Wakaita jina yangu mara tatu. Nikaangalia ile tivii, yule kijana wako hakuna. Nikanyamaza. Mama mwingine akanisukuma, ati si ni wewe? Nikamwambia ssh.

Alikuwa anangoja nimsifu.

Sikuweza. Nikasema nitakuja Jumatatu tuongee. Akauliza kama niko na homa, sauti imebadilika. Nikasema ndiyo, ni baridi ya Meru.

Halafu nilifunga mlango wa ofisi nikalia. Nililia vibaya, mpaka kamasi. Mimi ndiye nilimfunza. Angesema tu "niko" – neno moja – hakimu angeuliza wakili wako ako wapi, faili ingewekwa kando kidogo, Lennox angerudi.

Jumapili, 18 Mei

Sikuenda kanisa. Dada yangu amepiga kutoka Manyatta, anauliza kama nitafika kuchuma kahawa wiki ijayo. Nimesema sijui.

Chama kimeweka ile picha kwa ukurasa wake. Watu sitini na tano, tunacheka. Mimi niko katikati, mdomo wazi kuliko wote. Nimeombwa niandike maneno ya chini. Sijaandika.

Jumatatu, 19 Mei

Nilifika kwake saa tano. Anakaa chini ya Siakago, barabara ya vumbi, na mwezi huu ndengu ziko tayari. Alikuwa anazipura uani kwa fimbo. Alinitengea kiti, akaleta chai, akauliza homa iliisha?

Nikamwambia. Kwa Kiembu changu na Kimbeere chake, maneno ni yale yale karibu yote, hakukuwa na mahali pa kujificha. Nikasema kesi imetupwa. Nikasema kosa ni letu, mimi na Lennox, tulikuwa tunapigwa picha. Nikasema na kule kunyamaza pia ni mimi, nilikufunza nusu ya jambo.

Aliweka fimbo chini. Halafu akauliza kitu kimoja: Kwa hivyo Nyaga anaweza kuja?

Nikasema anaweza.

Akasema: Alikuja jana. Na mtu wa gari nyeupe. Walipima kwa miguu mpaka hapo kwa kaburi, wakasimama juu yake wakiongea na simu. Mimi nilidhani ni bure wanajisumbua, kwa sababu korti iko.

Saveya, yule wa kupima ardhi, anakuja Jumatatu ijayo, tarehe ishirini na sita. Nyaga mwenyewe alimwambia mama, kwa heshima tu, ahamishe mbuzi mapema.

Hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Nimerudi na debe la ndengu ndani ya gari, amekataa kabisa niondoke bila hilo.

Jumatano, 21 Mei

Kuna njia. Naomba korti irudishe kesi, pamoja na amri. Korti husema mteja asiadhibiwe kwa kosa la wakili wake, hiyo iko wazi. Lakini lazima kosa lielezwe kwa kiapo, na hakimu aamini.

Nilienda kumwona Murithi. Alinipa kiti, akafunga mlango, kama daktari. Akasema: Wamuyu, andika mtandao ulipotea. Mtandao hauna mtu wa kuulizwa. Lennox alikuwa pale, akamuunga mkono. Ana watoto wadogo, ameanza ofisi yake juzi, akishtakiwa kwa uzembe ataenda wapi. Aliniomba jina lake lisitokee. Sauti yake ilinihurumisha, sisemi uongo.

Nikawaambia rekodi ya korti inaonyesha nani aliingia kwa video na nani hakuingia. Lennox hakuwa ameingia kabisa, nilimwita kabla hajaingia. Hakimu akiona huo uongo, mama ameisha. Murithi akasema, basi fikiria chama. Tunaenda soko la Gakoromone mwezi ujao na hema, tutasimama mbele ya watu tukisema nini?

Nikamwambia: Labda mtu mwingine ashike maiki.

Nimeandika viapo viwili. Changu nimesema yote: grupu, kidole gumba, picha, na kwamba ni mimi nilimtoa Lennox kwa laptopu. Cha mama ni kifupi. Alikuwepo kortini. Alisikia jina lake. Hakujibu kwa sababu wakili wake alimwagiza asijibu. Kosa ni la wakili wake. Bila hicho cha mama, changu ni hadithi tu, kwa sababu karani aliandika mlalamishi hakuwepo.

Changu nimekisoma mara nne. Nimekuwa wakili miaka kumi na mbili, na hii ndiyo karatasi ya ukweli kuliko zote nimewahi kuandika. Nimeogopa sana.

Ijumaa, 23 Mei

Saa tisa na dakika ishirini. Naandika hapa kwa benchi, nje ya ofisi ya Makandi, Siakago. Nisipoandika nitapiga kelele.

Makandi ni wakili mwenzetu wa hapa, mkubwa wangu kwa miaka. Kiapo cha mteja wangu siwezi kukishuhudia mwenyewe, kwa hivyo nimemleta mama kwake. Muhuri uko tayari, wino wa kidole gumba cha mama uko wazi mezani. Masijala ya korti inafungwa saa kumi, na ombi la dharura hakimu hulitazama jioni hiyo hiyo. Ikipita leo, Jumatatu asubuhi saveya ako shambani na hakuna amri ya kumzuia.

Makandi alimsomea kiapo kwa sauti, polepole, kwa Kimbeere, vile inatakiwa. Mama alitikisa kichwa kila mstari. Nilikuwa kortini, ndiyo. Niliitwa, ndiyo. Ikafika pale, kosa ni la wakili wangu.

Akasema hapana.

Makandi akadhani hajaelewa, akarudia. Mama akasema ameelewa sana. Akasema: Mimi nimeokoka, siwezi kushika Biblia niseme huyu mtoto alinikosea. Hajawahi kunilipisha hata shilingi. Alikuja kwangu akanywa chai.

Nikamwambia si kunisema vibaya, ni ukweli. Akasema: Ukweli ni Nyaga alichukua shamba yangu. Andika huyo.

Nimemweleza mara ya pili. Mara ya tatu nilipiga magoti, hapo mbele ya Makandi, suti na yote. Nikamwambia, mama, usiponishtaki mimi utapoteza kaburi ya baba Kithaka. Machozi yalimtoka. Lakini alitia mkono wa kulia kwapani, akaubana pale na ule mwingine, na hakuna mtu angeutoa.

Halafu akaleta yake. Akasema: Andika nililala. Andika mimi ni mzee, niliamka saa kumi, nikasinzia kwa benchi, sikusikia jina. Hiyo nitaapa. Mzee akilala hakuna mtu anamchukia.

Makandi aliniangalia, akaangalia dirishani. Ametupisha, yuko ndani na mlango uko nusu.

Na hakimu angeikubali. Hilo ndilo linaniua. Bibi wa miaka sabini, alisinzia. Anairudisha kesi leo leo, bila kuuliza mara mbili. Lennox hayumo, Murithi hayumo, hakuna picha. Mimi simo. Ni yeye tu, ameapa uongo kwa ajili yangu akidhani ananilipa.

Saa tisa na nusu.

Kiapo kipya ni mistari minne, kinaweza kupigwa chapa hapo kwa Makandi kwa dakika tano. Cha ukweli kiko hapa magotini, chini ya hiki kitabu, hakina alama.

Mama amekaa karibu yangu, bega kwa bega. Hajui kusoma. Ameona kalamu inaenda, anadhani ni kiapo chake kipya, na ananiuliza kama nimefika pale pa kulala. Sijamjibu. Anadhani ndiyo. Amesema asante mwanangu, ametoa mkono kwapani, na sasa anapangusa kidole gumba kwa kitambaa, anakitazama kama ni kisafi, anapangusa tena