Rimoti ya Pili Niliyomficha Mama Mkwe

Shangazi mpendwa, nisaidie, tena nisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi mama mkwe wangu anapelekwa hospitali kupimwa kumbukumbu na mwenye makosa ni mimi, na najua ukimaliza kusoma utaniona mtu wa hovyo lakini afadhali wewe unione hivyo kuliko mke wangu.

Mimi ni fundi wa vioo, nakata na kufunga vioo vya madirisha na makabati ya maduka, nina mke na binti wa miaka tisa, na mwaka huu mama mkwe alihamia kwetu, na naomba nieleweke hapa, sina ugomvi naye hata chembe, mama ni mtu wa watu, anatupikia, anamfundisha mjukuu wake hesabu, dawa zake za presha anameza kwa saa bila kukumbushwa, na zamani alikuwa opereta wa simu, zile za kuchomeka waya kwenye ubao, miaka thelathini na moja, na kila mgeni akija lazima aambiwe kwamba kidole cha mama hakijawahi kukosea tundu hata siku moja.

Tatizo ni tamthilia, Shangazi. Inaanza saa moja jioni inaisha saa mbili na nusu, kila siku ya Mungu, na mimi narudi kazini saa kumi na mbili na nusu, naoga, nakuta mama ameshakaa kwenye kiti chake na rimoti iko mapajani, na mpira unaanza saa moja na robo. Utasema si ungemwomba tu. Nimwombe nani, Shangazi? Huyu ni mkwe! Mtu ambaye mpaka leo nikipita mbele yake nainama kidogo, nikikohoa natoka nje, nitaanzia wapi kumwambia mama nipishe nione mpira? Nikawa nakaa pale na mimi naangalia bibi harusi analia, wiki ya kwanza analia, wiki ya pili bado analia.

Basi siku moja nikiwa dukani kwa fundi umeme kufunga kioo cha kaunta nikaona rimoti zimetundikwa ukutani, akaniambia hizi ni za kila kitu, moja inaendesha televisheni, king'amuzi, redio, chochote, mradi uipe namba yake. Nikachukua ndogo, inaenea kiganjani. Jumapili wote walipotoka nikajifungia sebuleni na lile karatasi la maelezo lenye namba kama daftari la mahudhurio, unashikilia kitufe cha SET mpaka taa nyekundu itulie, unaandika tarakimu nne, unabonyeza cha kuwashia, televisheni ikizimika ujue umepata. Namba ya kwanza ilikubali sauti tu, ya pili ikawasha lakini chaneli ikagoma, ya tano ikatii yote. King'amuzi kilinisumbua mpaka namba ya kumi na moja, na kilipokubali niliruka kama nimefunga bao mimi.

Sasa sebuleni kwetu kuna kioo kikubwa ukutani nilichokifunga kwa mikono yangu, kinatazamana na televisheni, na mimi mwanga najua unavyoruka, ndiyo kazi yangu. Nikajaribu kusimama koridoni, mlango nimeuachia upenyo, nikalenga kioo badala ya televisheni, nikabonyeza. Ikabadilika! Shangazi, sijasoma sana lakini siku hiyo nilijiona profesa.

Jumatatu bibi harusi akawa ndiyo anataka kuambiwa siri ya bwana harusi, mama keshashika kifua, nikabonyeza, mpira huo. Akarudisha. Nikabadilisha. Akarudisha. Mara ya nne nikasikia, "Mwanangu, hebu njoo uniangalizie, sijui nimebonyeza nini." Nikatokea nafuta mikono kama natoka jikoni, nikachukua rimoti yake, nikakunja uso, nikaibonyezabonyeza, nikamwambia, "Mama, chaneli yako leo haitulii, tuiache kwanza hapa kwenye mpira." Akasema, "Mungu akuzidishie, baba." Na akakaa na mimi, Shangazi, akawa ananiuliza wetu ni wenye jezi gani.

Nikaendelea wiki tatu. Si kila siku, siku za mechi tu, na mara moja moja siku zisizo na mechi ili asije akashtukia mpangilio, na hapo ndipo najilaumu kuliko kote.

Wiki ya nne nikakuta kikaratasi kimebandikwa nyuma ya rimoti yake, mwandiko wake ule mzuri, "Tamthilia ni 114." Kesho yake kingine jikoni, "Zima jiko. Hakikisha." Kingine mlangoni, "Funguo ziko mfukoni kushoto." Akaacha kwenda dukani peke yake. Binti akimpelekea hesabu anamwambia mpelekee mama yako, bibi asije akakufundisha makosa. Sanduku la dawa amemkabidhi mke wangu. Na asubuhi nikipita karibu na chumba chake namsikia anajisomea namba za simu za wateja wake wa zamani, duka la mikate namba ngapi, stesheni namba ngapi, daktari wa meno namba ngapi, anajipima.

Jumamosi mke wangu alinifuata uani macho mekundu, akaniambia, "Unajua mama kaniuliza nini? Kaniuliza kama nitamvumilia siku akisahau jina langu." Nikasema pole. Shangazi, nilisema pole! Kaka yake mkubwa naye amepiga simu, anasema kama ni hivyo amchukue mama akae kwake, huko kuna muuguzi jirani, na mama amekubali, ameanza kukunja nguo.

Sasa naomba ushauri, nitupe hii rimoti kimyakimya niache mambo yapoe yenyewe, si daktari atasema yuko mzima? Au niseme televisheni ndiyo mbovu ninunue nyingine? Nimewaza pia kumtuma shangazi yangu akaongee naye kwa niaba yangu maana yeye ana maneno laini. Na swali la mwisho usinicheke, nikimaliza haya, ni rimoti ya namna gani inafaa kwa mtu mzima, maana kweli zile tatu za nyumbani kwetu zinanichanganya hata mimi.

Ni mimi,
Mkwe wa Koridoni

*

Mkwe wa Koridoni,

Nimecheka, sikufichi. Ulipofika kwenye kioo nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini. Halafu nikafika kwenye vikaratasi, nikanyamaza.

Wewe bwana wewe! Umemwonea aibu mkwe wako kumwomba chaneli kwa dakika tisini, hukumwonea aibu kumwibia akili zake wiki tatu? Heshima gani hiyo ya kuinama ukipita mbele yake halafu unasimama nyuma ya mlango na kumfanya ajione mwehu? Na hata siku ambazo hakukuwa na mechi ulibonyeza! Hapo mpira haukuwepo tena, baba. Hapo ulikuwa unalinda uongo.

Najua hukukusudia afike huko. Ulitaka mpira, ukapata mama wa watu anayejisomea namba za simu asubuhi. Nakuonea huruma, maana umeandika mwenyewe bila kukamatwa, na mtu asiyejali asingehesabu mpaka vikaratasi. Lakini huruma yangu kubwa iko kwa yule mama.

Kutupa rimoti kimyakimya, hapana. Daktari atamwambia yuko mzima, yeye atarudi nyumbani akijua kuwa kwa macho yake aliona televisheni ikiruka mkononi mwake. Atasema daktari hakuona vizuri. Hofu itabaki, na vikaratasi vitabaki. Kusingizia televisheni, hapana pia, hujachoka tu kudanganya? Na huyo shangazi yako mwache apumzike. Hakuwa nawe koridoni.

Fanya hivi, na ufanye leo jioni. Usisubiri Jumatano ukasema umebanwa na kazi.

Mke wako awepo na mama awepo, wote wawili pamoja. Usianze kwa mkeo kumtafuta akutetee, kwa sababu aliyeibiwa ni mama na yeye ndiye wa kwanza kurudishiwa. Mtoto mtume kwa jirani. Zima simu yako. Usianze na hadithi ya uchovu wa kazi, wala jinsi unavyompenda mama, hayo yatakuwa na wakati wake kama utapewa. Ukishasema ulilofanya, toa hiyo rimoti mfukoni, uiweke mkononi mwa mama, umwombe aje asimame pale pale koridoni ulipokuwa unasimama, alenge kioo, abonyeze yeye mwenyewe. Maneno yako matupu hayatatosha, maana kwa wiki tatu macho yake yamemdanganya kwa mikono yako. Lazima aione televisheni ikiruka na ajue inarushwa na nini. Mtu aliyechomeka waya miaka thelathini na moja ataelewa mtambo wako kabla hujamaliza kueleza.

Atakasirika. Mwache akasirike. Akinyamaza, mwache anyamaze, usijaze ukimya na vichekesho, nakujua mtu wa namna yako. Mkeo atakasirika zaidi na muda mrefu zaidi, na hilo utalibeba. Kaka yake mpigie wewe, kwa mdomo wako, umweleze kwa nini mama alianza kukunja nguo. Mama akiamua hata hivyo kwenda kwa mwanawe, mbebee begi na usiseme neno. Akiamua kubaki, usijione umeshinda. Na hiyo Alhamisi ni yake: akitaka kupimwa apate uhakika, mpeleke wewe na ukae naye kwenye benchi, akitaka kufuta, afute.

Vikaratasi usiviguse. Atavibandua mwenyewe siku atakayotaka.

Haya, rimoti. Swali lako si la kuchekwa, ni la maana kuliko unavyofikiri, ila usilifanye njia ya kununua msamaha. Hiyo ndogo ya kujificha kiganjani si ya mtu mzima, vitufe vimebanana. Tafuta yenye vitufe vikubwa na vichache, herufi zinazosomeka bila miwani, na uzito kidogo mkononi. Nenda na picha za nyuma ya televisheni, king'amuzi na redio, uulize muuzaji kama namba za vifaa hivyo zimo kwenye karatasi lake. Kama kifaa kimoja hakimo, chukua ile inayoweza kujifunza, unaielekeza uso kwa uso na rimoti ya zamani, nayo inaiga kitufe kimoja kimoja. Kwa hiyo rimoti za zamani usizitupe! Wengi huzitupa kwa furaha ya kitu kipya halafu mpya inakosa wa kuiga. Zitoe betri, ziweke droo moja. Namba ulizopata ziandike ndani ya kifuniko cha betri, maana baadhi zikikaa bila betri husahau kila kitu, na hapo utaanza tena kuhesabu mpaka kumi na moja.

Na mpangilio wake usiufanye wewe peke yako umejifungia sebuleni. Ufanye naye. Yeye ndiye ashikilie SET, yeye aandike tarakimu, wewe msomee karatasi. Kitufe cha kwanza kiwe cha tamthilia yake.

Mpira uombe. Sema, "Mama, leo kuna mechi, naomba kipindi cha pili." Mdomo unao, mbona kwangu umeandika kurasa? Akikataa, nenda kausikilize redioni. Alishakaa na wewe akakuuliza wetu ni wenye jezi gani, mtu huyo angekupa hicho kipindi cha pili tangu Jumatatu ya kwanza, ungemwomba.

Najua bado unatafuta pa kuanzia. Usitunge kitu. Kaa chini, mwangalie usoni, useme hivi: "Mama, hujasahau kitu. Hukukosea kitufe hata kimoja. Nilikuwa mimi."

Halafu funga mdomo, umsikilize.

Shangazi