Nachanganya Kulia na Kushoto, na Safari ya Skuta Imekaribia

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na kama barua hii ni ndefu unisamehe, kwa mdomo mimi huwa siongei, hata mwalimu akiniuliza swali darasani najibu kwa kichwa, ndiyo maana mjomba wangu ameniita Kimya na jina limenikaa, kwa hiyo na wewe niite hivyo hivyo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita. Shida yangu ukiisikia unaweza kucheka lakini mimi inaninyima raha kabisa: nachanganya kulia na kushoto, na shule zikifungwa tu tunaondoka, mimi na mjomba, kwa skuta, safari ya siku kadhaa mpaka kule barabara ya lami inakoishia.

Nianze na mjomba ili unielewe. Ni kaka yake mama, tunakaa naye, kazi yake ni mchora mabango, yale ya mbao ya mbele ya maduka na zahanati, na karakana yake iko uani kwetu, inanuka tapentaini mpaka kwenye nguo zangu za shule. Mabango ya huku kwetu huandikwa kwa lugha mbili, na kwa vile sisi shuleni tunasoma kwa lugha ile ya pili, mimi ndiye ninayemhakikishia maneno kabla hajaweka rangi, anasema mimi ni ofisi yake ya tafsiri. Siku hizi kazi imepungua. Yeye anasema ni hizi mashine za kuchapisha mabango ya plastiki, lakini mwenye duka la vitambaa alimrudishia bango lake akamwambia, "Fundi, mbona herufi zako zinapanda mlima?" Mjomba akamjibu, "Si unataka biashara ipande?" Tulicheka wote, ila bango ilibidi alirudie, na mara ile ya pili mimi ndiye niliyemchorea mistari ya penseli, akataka iwe minene.

Sasa safari. Mjomba alijifunzia kazi ujanani kwenye mji ulioko huko lami inakoishia, na kitu cha kwanza kuchora kwa mkono wake mwenyewe bila kusaidiwa ni jogoo, kwenye ukuta wa duka la chakula cha kuku, anasema ni mkubwa kuliko mlango na mkia wake una kila rangi iliyokuwemo dukani siku ile. Majuzi rafiki yake wa zamani alimpigia simu akamwambia jogoo bado yupo. Basi, tangu hapo mjomba hana neno lingine. "Nataka nikamwone yule jogoo kabla," anasema, halafu ananyamaza, kabla ya nini hasemi, mimi nadhani kabla ya mvua.

Skuta yake ni ndogo, ya kwendea dukani na kurudi, tukipanda wawili inalalamika kwenye kila kilima. Jirani yetu fundi pikipiki, tunamwita Spana, ndiye anayeiandaa. Amebadilisha oili na plagi, ameweka tairi mpya nyuma, ametufungia karia ya chuma ya kubebea galoni ya petroli, na siku alipoleta kebo za akiba akasema, "Mzee, mimi nakwambia ukweli, hiki ni kiskuta cha kununulia nyanya, si cha kwendea mwisho wa dunia." Mjomba akamwambia, "Wewe kaza nati, mdomo uache ulegee." Mama naye ametushonea mifuko miwili ya turubai ya kuning'iniza huku na huku, yeye anafanya kazi kwa dobi, kwa hiyo ametupigia pasi hata makoti ya mvua, ambayo hayapigwi pasi, moja limeungua. Anafurahi. Anasema hajamwona kaka yake akicheka hivi siku nyingi, na ananiambia, "Umshike vizuri, wewe ndiye mwenzake."

Hapo ndipo penye shida yangu. Mjomba ameng'oa vioo vya pembeni, anasema vinamchanganya, eti mimi nikikaa nyuma ndiye kioo chake. Tumejipangia ishara kwa sababu ya upepo na helmeti hatusikilizani: kikiwepo kitu upande wa kulia namgonga bega la kulia, kikiwa kushoto namgonga la kushoto, yeye anakikwepa, na nikimkaba mabega yote mawili anasimama. Mwanzoni ilikuwa magari yanayotoka nyuma tu. Halafu ikawa na mashimo. Halafu ikawa na mbuzi na watu na mikokoteni na chochote kile. Tunafanya mazoezi kila Jumapili tukiwa na mizigo, na kusema kweli, mshauri, mimi napenda, shuleni hakuna anayejua kama nipo au sipo lakini nikiwa juu ya skuta mtu mzima anasikiliza vidole vyangu, nikigusa tu anageuka, sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote.

Lakini mimi nikiharakishwa akili inaleta neno la lugha ya shule kwanza, nalitafsiri, na hapo katikati kulia na kushoto vinabadilishana mahali, sijui kama kuna mtu mwingine anapatwa na hii. Jumapili iliyopita alitokea mtoto na baiskeli, akitoka uchochoroni upande wa kushoto, nilimwona vizuri kabisa, nikagonga bega la kulia. Mjomba akakata kushoto. Moja kwa moja kwa yule mtoto. Mtoto alijirusha pembeni, tairi yetu ikapita juu ya gurudumu la baiskeli likapinda, yeye akachubuka goti tu, lakini mama yake alitoka na mwiko mkononi anapiga kelele, "We mzee, huoni?" Na mjomba akasema, "Nimegongwa bega la kulia mimi!" Yule mama hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatamani ardhi inimeze, kwa sababu ni mimi. Tukaichukua ile baiskeli tukampelekea Spana ainyooshe, na njiani mjomba akaniambia kwa upole, hakunifokea hata kidogo, "Tusimwambie mama yako, atazuia safari. Wewe fanya tu mazoezi ya mikono yako."

Kwa hiyo nafanya. Nimejifunga uzi mwekundu mkono wa kulia, nagonga migongo ya viti, nagonga mto. Bado nakosea.

Kuna kitu kingine lakini sijui kama ni kitu. Siku ile ile, tukirudi, tulipita zahanati, mjomba akapunguza mwendo akaniuliza, "Kile kibao pale kinasemaje?" Nikamsomea, ni cha saa za kufungua na kufunga. Akasema, "Ahaa." Mshauri, kibao kile amekichora yeye. Mimi ndiye niliyemhakikishia maneno. Nimewaza alikuwa ananijaribu kama nasoma haraka, nimewaza amesahau, nimewaza kitu kingine halafu nikaacha kukiwaza, kwa sababu mbona karakanani hakosei rangi, anachukua mkebe wenyewe hasa, ameichonga mifuniko kwa msumari, nyekundu mkwaruzo mmoja, bluu miwili, ni mtu wa mpangilio sana, na chai anajimiminia mwenyewe, anaweka kidole ukingoni mwa kikombe, anasema ndivyo mafundi wanavyomimina.

Naomba uniambie zoezi zuri la kutofautisha kulia na kushoto ambalo mtu anaweza kulishika haraka. Na je, ni bora nimwambie mjomba achukue mtu mwingine wa kukaa nyuma, asiyekosea? Nikimwambia atajua sitaki kwenda, na mimi nataka. Nimechanganyikiwa kabisa.

Ni mimi,
Kimya

*

Kimya, mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zote zilizo mezani, za waume na za mawifi, kwa sababu hizo zinaweza kungoja na yako haingoji.

Nimeisoma mara mbili. Umenieleza oili, plagi, kebo, galoni na koti lililoungua, ukaniuliza zoezi la mikono, halafu jambo lenyewe ukalificha mwishoni kama mtu anayefagia uchafu nyuma ya mlango. Unasema uliwaza kitu kingine ukaacha kukiwaza. Nitakuwazia mimi. Mjomba wako haoni vizuri. Mtu anayeona hang'oi vioo vya skuta. Mchora mabango anayeona hachongi mifuniko ya rangi kwa msumari, haulizi bango lake mwenyewe linasemaje, na chai haipimi kwa kidole. Na yule jogoo, unadhani anataka kumwona kabla ya mvua? Soma tena ulivyoandika. Nadhani ulijua, ndiyo maana umeniandikia mimi nisiyekujua badala ya kumuuliza Spana aliye mlango wa pili.

Pole sana. Umebebeshwa mzigo usio wako na umeubeba kwa upendo, wala sikulaumu kwa kuufurahia. Kusikilizwa ni kutamu. Ila sasa nitakufokea kidogo, vumilia: mtoto wa watu alijirusha pembeni ya barabara, na wewe ukarudi nyumbani ukafunga uzi mkononi! Uzi! Siku nyingine mtoto hatawahi kuruka. Au ni wewe utakayeokotwa, na mama yako ataletewa zile helmeti mbili mkononi.

Mjomba naye akisomewa ukurasa huu asikie: bwana, umemkosea mpwa wako. Ulijua ni macho yako, ukamwachia aamini ni mikono yake. Najua kwa nini. Mkono na jicho ndivyo vimekulisha maisha yako yote, na kusema "sioni" ni kama kufunga karakana kwa kinywa chako mwenyewe. Nakuhurumia kweli. Hata hivyo, ulimwacha binti alale na kosa lako.

Sasa fanya hivi, Kimya. Leo, siyo Jumapili.

Usipande tena skuta ile, hata ya kwenda dukani. Akikuita mazoezi, kaa chini palepale karakanani, umwambie akae na yeye. Najua huongei, kwa hiyo maneno nakupa mimi, ni machache: "Mjomba, kibao cha zahanati ulikichora wewe." Halafu nyamaza. Kunyamaza unakuweza. Mwache yeye aseme. Akicheka, akifoka, akikuambia umekuwa mkubwa siku hizi, rudia sentensi ile ile. Usimwandikie barua, maana itabidi umsomee wewe mwenyewe.

Jioni hiyo hiyo mwambie mama yako kila kitu, pamoja na mtoto wa baiskeli. Mjomba alikuomba ufiche, na ombi hilo hakuwa na haki ya kukuomba. Mama atapiga kelele, halafu atalia, halafu atamshika kaka yake mkono ampeleke kwenye kliniki ya macho, na wewe uende nao. Mimi si daktari. Yapo macho yanayotibika yakiwahiwa na yapo yasiyotibika, na hakuna anayejua ya mjomba ni yapi mpaka yapimwe, badala ya kukisiwa kutoka kiti cha nyuma.

Akiwa mkaidi, akasema ataenda peke yake, pita kwa Spana umwombe achomoe plagi aiweke mfukoni. Skuta bila plagi ni kiti tu. Huna haja ya kumtangazia mtaa mzima habari za macho ya mjomba, Spana atakuelewa kwa maneno mawili, mwenyewe alishasema skuta ile ni ya kununulia nyanya tu.

Na safari iende! Nani amesema isiende? Mifuko ya mama imeshashonwa. Baada ya kliniki, muulizeni daktari kama anaweza kusafiri, kisha pandeni basi, nyote watatu mkiweza, na makoti yenu, hata lile lililoungua. Mkifika msimweke mjomba ng'ambo ya barabara mkamwambia "yule pale". Mpelekeni mpaka ukutani kabisa, pua kwa mdomo wa jogoo, aguse. Rangi ya zamani ina unene wake, na mtu aliyeipaka mwenyewe ataujua mkia kwa vidole hata jua likiwa limezama. Pale asipofikia, msimulie wewe. Wewe uliyenimiminia kurasa hizi zote bila nukta hukosi maneno, ulikosa wa kumwambia.

Nimebakiwa na swali lako, la kulia na kushoto. Sina zoezi la kukupa. Fungua huo uzi mkononi. Kukosea upande kwa haraka hutupata wengi, na kwa abiria kosa hilo halina madhara yoyote, abiria hukosea akaendelea kula karanga zake. Lako lilikaribia kuua kwa sababu hukuwa abiria. Skuta ile, mwanangu, ulikuwa unaiendesha wewe, kutoka kiti cha nyuma, na hakuna aliyekuambia.