Chafya kwenye mkono wa bibi harusi

Jumwa wee, nimeharibu mkono wa bibi harusi!

Niko Bongwe, nilikuja kumchora Mwanatumu piko, ile rangi nyeusi ya harusi. Asubuhi nilijifukiza kivumbasi kama alivyoniagiza nyanya, pua ikafunguka, nikajiona nimepona. Vidonge vya hospitali vya kuzuia hizi chafya zangu za maua nikaviacha makusudi. Si unakumbuka vilivyonilaza usingizi mapajani mwa yule bibi harusi wa Msambweni?

Barakoa uliyonipa niliivaa. Mamake Mwanatumu, Bi Riziki, akaniangalia: "Kwani mwanangu ananuka?" Nikaivua.

Sasa Mwanatumu amevishwa kikuba cha maua kifuani, asmini na mkadi, ule unga wake unamwagika, nami nimemwinamia papo hapo! Mkono wa kwanza ulitoka vizuri mno. Wa pili, chafya. Moja tu, shoga. Mstari mweusi kutoka kiganjani hadi kiwikoni.

Nikafuta. Piko hufutika?

Machozi yananitiririka, mashangazi wanadhani namwonea wivu bibi harusi. Nikasema kwa adabu, "Bi Riziki, tafadhali, kikuba kiwekwe kando kidogo, huu mstari nitaugeuza tawi."

Akasema, "Maua hayatoki. Utatoka wewe."

Maua hayatoki, Jumwa! Na harusi gani huku kwetu haina maua? Kazi nyingine mimi siijui.

Niko uani. Kivuli ni cha mkorosho mmoja tu, nao umechanua wote.

Ngoja, Mwanatumu ananiita dirishani. "Dada, rudi uumalizie mkono wangu!"

Kikuba bado kiko kifuani mwake.