Shangazi, Vitufe Visivyokuwa na Majina

Mpendwa shangazi,

Tangu umfuate mwanao Zainabu huko Ubelgiji, nikipita mtaa wa Asiatique bado nasimama kidogo mbele ya duka lako la vitenge. Mwanamke uliyemwachia ameupaka mlango rangi ya kijani, ila vitenge bado anavipanga kama wewe, vya rangi nzito chini. Anasema ulimkataza kubadilisha.

Unakumbuka ugonjwa wa sukari ulipokuondolea macho? Shemeji zako walikuja nyumbani Buyenzi, wakanywa chai yako, kisha wakasema kwa upole kwamba duka lifungwe, upumzike. Uliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu ukawaambia, “Kitenge mi naijua na mukono. Macho ilikuwa ya kuangalia wateja tu.” Mmoja alicheka mpaka akamwaga chai, na maneno yao yakaishia hapo.

Lakini wateja wako walishazoea kuagiza kwa simu, kupitia programu iliyotengenezwa na ofisi yetu. Nikakuwekea ile sauti inayokusomea yaliyo kwenye simu. Haikupita wiki ukaniita, na hukuwa na raha.

“Inaniambia buto, buto, buto. Buto ya nini, mutoto yangu?”

Nilifumba macho nikajaribu mwenyewe. Kweli, kila pa kubonyeza palisomwa hivyo hivyo, “kitufe” tu kwa Kifaransa, pa kukubali oda na pa kuifuta. Asubuhi hiyo ulikuwa umeifuta oda ya bibi harusi mmoja ukidhani umeikubali, na mama yake alikuwa amekuja dukani kukugombeza.

Tulikaa pamoja kwenye baraza lako, nikawa nakipa kila kitufe jina lake na wewe unanisahihisha. “Thibitisha” uliikataa, ukasema hayo ni maneno ya redio. Kisha nikarudi ofisini nikaandika jaribio linalojiendesha lenyewe. Kila tukibadilisha kitu kwenye programu, kompyuta huifungua, ikapita ukurasa kwa ukurasa kama mtu aliyeshika simu, na ikikuta kitufe kisicho na jina, inaonyesha nyekundu na kazi haitoki kwa wateja.

Hayo unayajua. Usilolijua ni lile la kabla ya Idi.

Tulikuwa na toleo jipya, na mwenzetu alikuwa ameupamba ukurasa wa oda ukapendeza. Jaribio likaonyesha nyekundu. Mkubwa wetu, Dieudonné, alikuwa ameshawaahidi wafanyabiashara kwamba watalipata siku hiyo, kwa hiyo akaniambia nilizime jaribio, tutarekebisha baada ya sikukuu. Sikuwa nimezoea kumbishia, shangazi. Nilimwambia nina shangazi Asiatique asiyeona, na hakuna wiki anayouza kama hii. Akaniuliza ni duka gani. Nilipomwambia, akasema kitenge alichovaa mkewe siku ya dote, alipotolewa mahari, ulikichagua wewe.

“Basi watanisubiri,” akasema. Akavua koti, akavuta kiti karibu yangu. Adhana ya alasiri ilitukuta bado tumeinama, na jaribio lilipopita, alinipa mkono kama mtu aliyetoka safarini.

Kesho yake nilikuja dukani. Ulikuwa umeweka simu sikioni, unapokea oda moja baada ya nyingine huku ukikunja vitenge, na yule shemeji yako wa chai amekaa anakufungia mizigo. Uliniuliza mbona sikusaidii. Nilisema nimechoka, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nakuangalia tu.

Zainabu ananiambia baridi ya huko inakushindisha ndani. Nimekukumbuka sana. Nasikia watu wengi wakizungumza ofisini siku nzima, lakini hakuna anayeniita “mutoto yangu”.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja wa Cibitoke anayesuka viti, ameshikwa mkono na mkewe. Haoni tangu utotoni, na anauza kwa programu yetu. Alitaka kujua nani kati yetu asiyeona, maana kwa jinsi kila kitufe kilivyo na jina aliona lazima awepo. Nikamwambia hayupo hapa, yuko Ulaya kwa mwanawe. Akafikiri kidogo, akasema, “Ukiongea naye, umuambie Evariste anamusalimia.”

Basi, shangazi, Evariste anakusalimia.

Mungu akutunze huko uliko,

Mutoto wa kaka yako