Aliitwa Mke wa Mume Wangu, Nami Nipo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaivunja nyumba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, maana siku hizi mimi na mume wangu tunapishana sebuleni kama wapangaji, na chanzo ni gari ambalo hata hatukulinunua.

Mume wangu alikuwa dereva wa kiwanda cha sabuni, uchumi ulipoyumba wakapunguza watu naye akiwemo, akapewa kiinua mgongo, tukakubaliana tutafute gari la mtumba alifanye teksi, kwani ushonaji wangu nao umedorora, watu wanarudia nguo zao za zamani, na watoto hawajui habari za uchumi, wanataka kula. Sasa hapa mtaani kuna mjane anauza vipuri vya magari, wote tunamwita Spea, anacheka na kila mtu, na mume wangu akasema twende naye yadi ya magari kwa kuwa anazijua hila za wauzaji. Nikakubali, ila moyoni nilikuwa nimeshavimba, maana asubuhi ile mume wangu alipiga pasi shati, mshauri, shati ambalo akitoka na mimi hulivaa na makunyanzi yake.

Kule yadi magari yamejaa vumbi, wateja hakuna, muuzaji akaniwekea kiti kivulini, wao wawili wakaanza kulizunguka gari moja la kijivu, mume wangu anafungua boneti, Spea amelala chini anachungulia, wanaongea kwa macho tu, ndipo muuzaji akamwambia Spea, "Mama, mshawishi mzee achukue, bei hii hamtaipata kwingine." Nikangoja mume wangu aseme huyu si mke wangu, mke wangu yule pale. Hakusema. Alisema, "Mke wangu akikataa, mimi sina la kufanya." Na Spea akashika kiuno, akasema, "Baba, mlango huu umepakwa rangi upya, hili liligongwa. Twende zetu."

Akamwita Baba, nami nipo.

Wakaondoka, muuzaji anawafuata huku anashusha bei, wakasogea tena, akashusha tena, na walipokaribia geti damu ilikuwa imeshanipanda, nikainuka nikasema kwa sauti, "Mke wake ni mimi, na gari tunalichukua kwa bei yako ya kwanza, hela anazo mfukoni."

Muuzaji akatabasamu, akarudi kwenye bei yake ya kwanza, na hapo hakubanduka. Mume wangu akatoka getini na hela zake mfukoni. Nyumbani ndipo akaniambia kwamba ule ulikuwa mchezo wa kushusha bei, waliupanga jana yake dukani kwa Spea, nikamuuliza mbona mimi hamkunishirikisha, akasema, "Wewe huwezi kuigiza. Uso wako unasema kila kitu." Tangu hapo ni salamu tu. Spea naye akiniona anageuka upande wa pili. Je, ni mchezo kweli au nimefumbwa macho, na nifanye nini, maana kiinua mgongo tunakila?

Ni mimi,
Mke Halali

*

Mke Halali,

Pole. Kukaa pembeni huku mwenzio anaitwa kwa cheo chako kunauma, na mumeo alikosea. Mchezo ukiwa na mke ndani yake, mke ndiye wa kwanza kuambiwa. Mwambie hivyo, kwa sauti ya chini, akiwa ameshiba.

Sasa nikukaripie. Barua yako nimeirudia nikitafuta kosa la huyo mjane, sikuliona. Alilala vumbini kukagua gari la mume wa mtu, bila ujira, na mwenye mume anatazama. Mwizi gani wa waume anafanya kazi hivyo? Na hilo shati, mwanamume aliyeachishwa kazi anapotoka kutafuta riziki, mwache apige pasi. Heshima yake yote iliyobaki iko kwenye kola. Wewe ulitaka muuzaji ajue mke ni nani. Amejua, na nyie hamna gari.

Nenda dukani kwa Spea leo. Sema "nisamehe", wala usiongeze "lakini". Kisha mwombe akueleze kasoro zote za gari lile mpaka uzijue kwa moyo. Halafu rudini yadi, wewe na mumeo tu. Usiogope kwamba muuzaji ameshakusoma. Hali hii ya uchumi inamkaba naye pia, ana kodi ya uwanja, na mteja mwenye fedha taslimu hampati kila siku. Mwoneshe ule mlango. Taja bei aliyoifikia pale getini. Halafu nyamaza, hata kama ulimi utakuwasha. Mumeo asiseme kitu, ila tu kwamba mwamuzi ni mke wake, na safari hii atakuwa anasema kweli.

Muuzaji akikataa, yadi si moja. Ondokeni, na wewe ndiye wa kutangulia.