Nyama ya Wanamaji

Shamokin, Pennsylvania
2 Februari 1988

Mwanangu Lorraine,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua, na theluji imeziba mlango wa mbele, kwa hiyo natokea jikoni kama mwizi.

Nina habari. Mwezi uliopita, kwenye kifungua kinywa cha kila mwezi katika ukumbi wa zimamoto, nimekaa na sahani yangu ya nyama ya mchuzi wa maziwa juu ya tosti, mara akaingia mzee mgeni, Orville Hess. Akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha marehemu baba yako! Ukumbi wote ukageuka kumtazama. Unajua tangu tumzike hakuna anayekikalia. Binamu yako Stush akamuuliza, "Wewe vipi, ulikuwa jeshini na Len au nini?" Akasema ndiyo, vitani Korea, jiko moja. Basi, wakamletea sahani, wakamwongezea na nyingine. Alifuta mchuzi wote kwa ukoko wa mkate huku machozi yanamtoka.

Siku hizi huja kwangu Jumamosi asubuhi. Nakaanga unga kwenye siagi, namwaga maziwa, natia nyama, tunakula. Chakula cha watu wasio na kitu, lakini ukiwa na mtu wa kula naye kinashuka vizuri. Juzi amenitengenezea kitasa cha mlango wa nyuma.

Wabusu watoto.

Mama yako


Tucson, Arizona
9 Februari 1988

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Pole na goti.

Mama, huyo mtu ni nani? Baba alisimulia Korea mpaka tukaziba masikio, na sijawahi kusikia hata siku moja jina la Orville. Na kitasa je? Funguo za kitasa kipya anazo nani?

Nisikilize. Jumamosi mwachie jiko. Mwambie leo apike yeye, kama walivyopika Korea, na nyama akanunue mwenyewe. Usimwambie aina gani. Unakumbuka Baba alivyokuwa: lazima ile nyama kavu ya kwenye chupa, nyembamba kama karatasi, iloweshwe kwanza ipungue chumvi. Siku ile ulipompikia ya kusaga, mgodi umefungwa na hatuna kitu, alisukuma sahani akasema, "Hiki chakula cha wanamaji, mimi sikuwa melini." Mpishi wa jeshi la nchi kavu, kama Baba, hawezi kukosea hapo.

Kisha niandikie alirudi na nini kutoka dukani. Usinifiche.

Mwanao Lorraine


Shamokin
23 Februari 1988

Mwanangu,

Nashukuru kusikia ninyi wazima. Huku baridi ile ile, mimi nipo tu, namshukuru Mungu.

Alipika. Ilikuwa tamu. Tosti ziliungua kidogo pembeni, lakini hata zangu huungua.

Sasa na mimi nikuulize. Jana dalali wa nyumba alinipigia simu, sauti imejaa asali, eti binti yangu wa Arizona ametaka kujua nyumba yangu ingeuzwa bei gani. Nikamwambia hiyo nyumba ina mtu ndani. Wewe Lorraine, unamchunguza Orville, na wewe nani akuchunguze?

Mama yako


Tucson
1 Machi 1988

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, ingawa barua yako ilikuwa kali.

Dalali nilimuuliza tu. Uko peke yako na ngazi zile na goti lile, niache kufikiria?

Nami sikuuliza kama ilikuwa tamu. Nimeuliza nyama gani. Mama, nakujua. Ukiona umebanwa unazungumzia tosti. Kama hutaki kuniambia, nimemwandikia Stush amuulize yeye mwenyewe. Nakupenda, na naogopa, ndiyo maana.

Mwanao Lorraine


Shamokin
18 Aprili 1988

Lorraine,

Natumaini watoto wazima. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Stush wako amefanya kazi uliyomtuma. Kwenye kifungua kinywa cha mwezi huu, watu wamejaa, akasimama na kikombe mkononi. "Eti mzee Orville, mimi na wewe tusidanganyane, huko Korea mlikuwa mnapika nyama gani?" Maskini, akajibu haraka, "Ya kusaga, na nyanya, na kungumanga kidogo." Ukumbi ukaangua kicheko. "Mwanamaji huyo! Len alikuwa anaogopa maji mpaka anamwogopa bata!" Orville akaweka uma chini, akachukua kofia, akatoka. Jumamosi mbili zimepita, hajatokea.

Umefurahi?

Mimi nilijua, Lorraine. Nilijua siku ile ya mtihani wako. Alirudi kutoka dukani na nyama ya kusaga na kopo la nyanya, uso umemng'aa kama mtoto aliyetumwa akapatia. Nikamuuliza pale pale, "Hukumjua Len, sivyo?" Akakaa chini. Akasema hapana, yeye alikuwa mpishi wa meli, mkewe amekufa, na ile asubuhi ya kwanza kiti kilichobaki wazi kilikuwa kimoja tu. Stush alipomuuliza, akaona akisema hapana atainuliwa. Akasema ndiyo. Kisha akashindwa kurudi nyuma.

Nikamwambia endelea kupika. Nikala sahani mbili.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utafanyaje. Ungesema Mama kazeeka, anadanganywa na kila anayebisha hodi, tumhamishe, tuuze. Wewe ulidhani Orville anataka nyumba yangu. Mimi nilidhani ni wewe.

Jumamosi hii nilipika ya watu wawili kwa mazoea. Nyingine nimeimwaga.

Mama yako


Tucson
26 Aprili 1988

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikalia gereji watoto wasinione.

Sikumtuma Stush amwaibishe mzee mbele za watu. Lakini nilimtuma, hilo siwezi kulikana. Nisamehe. Dalali nimemwambia asikupigie tena kamwe.

Bado sipendi kwamba alidanganya, Mama. Siwezi kujifanya. Mtu akidanganya kwa jina la Baba, moyo wangu unakataa. Ila naona na mimi nilikaa mbali nikakuacha ule peke yako, halafu nikamkasirikia aliyekuja.

Jana niliipika. Huku nyama ya chupa sikuipata, nikanunua ya kusaga. Watoto wameramba sahani. Nami nimekula, nikamwomba Baba radhi kwa kila kijiko. Nyanya sikuweka, hapo nilishindwa.

Mwambie arudi. Mwambie nimesema mimi.

Mwanao Lorraine


Shamokin
9 Mei 1988

Mwanangu Lorraine,

Hujambo? Mimi mzima, theluji imeisha na goti limetulia.

Barua yako nilimpelekea Stush akaisoma akiwa amesimama. Akavaa kofia, akaenda kwenye chumba anachopanga Orville. Sijui walizungumza nini. Jumamosi ya kifungua kinywa walikuja ukumbini pamoja. Orville akasimama nyuma ya kiti cha baba yako, hakai. Nikamwambia, "Kaa, chakula kinapoa." Akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Mimi sikumjua Len." Stush akasema, "Tunajua. Kaa."

Akakaa.

Julai njoo na watoto. Nitaweka sufuria mbili, ya nyama kavu na ya wanamaji, kila mtu ajipakulie anayoiweza. Ukitaka kumkodolea macho mpaka ashindwe kumeza, ruhusa unayo, nami nitakuwa nakukodolea wewe.

Na usiseme mama yako mjinga. Funguo za mlango wa nyuma ninazo mimi, zote. Orville hajapewa.

Wala wewe.

Mama yako