Walimsifu kwa Kufunga

Jumanne. Ukungu haujainuka hapa kijijini Rhotia tangu asubuhi, na matope yameganda kwenye viatu vyangu.

Nina uchungu leo. Siufichi.

Nimempeleka Agnes, binti wa mdogo wangu, kwenye matibabu ya kutwa hospitalini. Ni huduma mpya huku kwetu. Wanaoshindwa kula kwa sababu ya ugonjwa wanafika asubuhi, wanakula mezani pamoja na nesi, wanazungumza naye, na jioni wanarudi kulala nyumbani. Mchana ndugu mmoja anakaa kula nao. Nilikaa mimi.

Agnes alimega ugali, akauviringisha kwenye vidole mpaka ukapoa. Nikageukia dirishani. Binti yangu Paulina alifanya vilevile, kisha akawatupia kuku. Kuku wetu walinenepa sana mwaka ule.

Yeye tulimzika.

Ilianza kama mfungo wa Kwaresima. Jumuiya nzima ya kanisani ilimsifu. "Huyu binti ana imani," walisema, naye anatembea kwa kushika ukuta. Pasaka ikapita, wakaendelea kumsifu. Hakuna aliyeuliza ni mfungo gani huo usio na mwisho. Msibani walewale walikula wali nyumbani kwangu, wakashiba, wakaomba wa kubeba.

Agnes alilia mezani. Nesi hakumkemea, alimsubiri tu. Mtoto akala tonge, akapumzika, akala jingine. Sikuwa nimemwona akimeza chakula tangu mahindi yapandwe.

Jioni tuliposhuka kwenye bodaboda, Mama Fabiola, jirani, alikuwa amekaa na mdogo wangu mlangoni.

"Mmetoka hospitali ya kula? Na mimi mnipeleke basi, nina njaa!"

Wakacheka wote wawili. Agnes akainama. Kisha mdogo wangu akaniambia, "Dada, kesho hapana. Mwache mtoto amalize Kwaresima yake. Baada ya Pasaka tutaona."

Baada ya Pasaka!

Nikageuka kuondoka. Niliogopa maneno yangu mwenyewe. Agnes alinisindikiza hadi njiani, akanishika mkono kwa vidole vyake vya baridi.

"Mama mkubwa, utakuja?"

Nitakuja. Nitasimama mlangoni asubuhi, mbele ya mama yake, mbele ya jumuiya nzima wakitaka, na nitaondoka naye. Kama kumvunjisha mtoto mfungo ni dhambi, hiyo nitaibeba. Jeneza jingine siwezi.